Taarifa Waliyotaka Niiandike Juu ya Nyamizi

Vijana wa ofisini, mmeniomba niandike historia ya Idara ya Taarifa na Ushauri wa Wanachama kabla sijasahau. Sitasahau, msihofu. Kwa miaka mingi idara hiyo ilikuwa mimi, baiskeli, na spika ya kubeba begani iliyokoroma kila nilipoinama. Ila nimeona ukuta wa ofisi mpya mmebandika picha ya uzinduzi wa Ilangale. Mwenyekiti anakata utepe, watu wanacheka. Ni picha nzuri, lakini chini yake hapajaandikwa kitu, na yeyote atakayeajiriwa kesho ataamini kwamba Ilangale mambo yalikuwa ni kucheka tu. Hilo limenikosesha raha. Ndiyo maana nimekubali kuandika.

Mkitafuta humu habari za vyeo, hamtazipata. Nilianza nikiitwa Mshauri wa Wanachama, nikamaliza nikiitwa hivyo hivyo, ila baadaye nilipewa kiti chenye magurudumu. Sakafu yetu ilikuwa ya udongo. Kiti hakikuzunguka hata siku moja.

Nilizaliwa jirani na seminari ya Kipalapala, baba akilima mboga na kuwauzia mapadre. Nilifanya kazi ya ukarani katika chama cha tumbaku mpaka wakulima wa upande wa Goweko walipochoka kuahidiwa umeme. Wakasema kama gridi ya taifa haiji, tutajenga wetu. Wakaungana na warina asali wa upande wa Sikonge, wakapata msaada wa mtambo wa jua, na ushirika ukaanza. Nguzo tulizikata wenyewe, mashimo tukachimba wenyewe. Kila mwanachama ni mwenye mali. Neno hilo, mwenye mali, naomba mlishike, maana nimewahi kuona likisahauliwa na watu walioapa kulilinda.

Siku yangu ya kwanza nilipewa kitabu cha ushauri wa matumizi bora ya umeme nyumbani. Kilikuwa kimeandikwa na wataalamu wa mbali, kikatafsiriwa, nikaambiwa nikisome nyumba kwa nyumba. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bibi Kashindye, mjane mwenye taa mbili na redio. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Nikaanza kusoma: usiwashe mashine ya kufulia mpaka ijae nguo.

Bibi Kashindye akaniangalia, akaangalia kitabu, akainua mikono yake yote miwili. "Mashine yenyewe ndiyo hii, mwanangu. Nisiiwashe mpaka lini?"

Ukurasa uliofuata ulishauri kupunguza joto la chumba ukitoka. Nikakifunga. Tukacheka sote, lakini nikiwa njiani kurudi hasira ilinipanda. Mtu ameweka jasho lake kwenye nguzo, halafu unamtumia karatasi ambayo aliyeiandika hakujishughulisha hata kuuliza mwenye nyumba anaishi vipi. Ushauri wa namna hiyo ni dharau, hata ukiandikwa kwa herufi nzuri.

Aliyenifundisha ushauri wa kweli ni Mzee Shabani, fundi umeme wa Tabora mjini, mtoto wa familia ya mafundi wa mtaa wa Gongoni. Babu yake alifua majembe, baba yake alitengeneza cherehani, na yeye akashika nyaya. Ushirika ulimwajiri akague kila nyumba kabla haijawashwa. Alikuwa mtu wa kununa. Hakupenda chai yenye maziwa, hakupenda mafundi wanaopiga mluzi kazini, hakupenda mtu anayesema "inatosha tu." Siku aliyonipa testa, ile bisibisi yenye kitaa ndani, nilifurahi nikaigusisha kwenye soketi, kitaa hakikuwaka, nikasema hakuna umeme.

"Umejuaje kwamba testa yenyewe ni nzima?" akauliza.

Nikaigeuzageuza mkononi.

"Ijaribu kwanza mahali unapojua pana moto. Ikiwaka hapo, ndipo uiulize penye shaka. Halafu urudi uijaribu tena kule kule. Testa iliyokufa haisemi kwamba imekufa."

Vijana, mkiwa na testa za kisasa zenye kelele, fanyeni hivyo hivyo.

Nilitembea naye vijiji vingi, yeye mbele na baiskeli yake ya Phoenix, mimi nyuma na spika. Yeye akikagua, mimi nikizungumza na wenye nyumba. Tukaandika ushauri wetu upya, wa kwetu. Mtambo wa jua una nguvu mchana kuliko usiku, kwa hiyo piga pasi nguo za wiki nzima saa sita mchana, wala usichomeke pasi jioni wakati kijiji kizima kimewasha taa. Friji isibanwe ukutani, mgongo wake unahitaji kupumua. Usinunue taa kwa kuangalia boksi linavyong'aa, waulize jirani zako ipi imemaliza masika mawili. Maharage yaloweke tangu jana yake, ndipo uyaweke kwenye sufuria ya umeme. Na kuhusu hatari, Mzee Shabani alikuwa na sharti moja alilolirudia mpaka wanawake wa Goweko wakawa wanamkatiza na kulimalizia: waya usiguse bati bila bomba. Mahali waya unapopenya kwenye paa, lazima uvalishwe bomba la plastiki, kwa sababu ukingo wa bati ni kisu. Upepo ukitikisa, bati linakata ganda la waya kidogo kidogo, na siku moja paa zima linakuwa na moto wa umeme. Na bati lenyewe lifungwe na waya wa kijani unaoshuka mpaka kwenye chuma kilichozikwa ardhini, ili moto ukivuja, breka ijikate yenyewe.

"Umeme hauna chuki na mtu," alisema. "Unatafuta njia tu ya kushuka. Wewe mpe njia isiyopita kifuani mwa mtu."

Miaka ikaenda hivyo, na katika vijiji vyetu vya mwanzo hakuna mtu aliyepigwa na umeme akafa. Nasema hivi ili mjue kwamba tulijua namna ya kufanya. Yaliyotokea baadaye hayakutokana na kutokujua.

Ilangale ni kijiji cha wakulima wa tumbaku, mbele ya Goweko, kwenye barabara ya vumbi. Walipojiunga na ushirika, bodi iliamua kazi ya kutandaza nyaya nyumbani isifanywe na mafundi wetu bali na mkandarasi. Sababu ilikuwa haraka. Kulikuwa na mgeni rasmi anakuja kuzindua, na mwenyekiti alitaka siku hiyo taa ziwake kijiji kizima kwa mkupuo mmoja. Mzee Shabani akaenda ofisini kusema nyumba lazima zikaguliwe. Nilikuwepo. Mwenyekiti alimjibu kwa upole sana.

"Mzee wangu, tutakagua baada ya sherehe. Ukianza wewe na bomba zako, mgeni atakuja atukute gizani."

"Basi mje mkague wenyewe," Mzee Shabani akasema. Akaweka funguo za stoo mezani, akarudi zake Tabora mjini. Mimi nikaomba nipelekwe Ilangale kufundisha wanachama. Nikaambiwa ushauri nao utafuata baada ya sherehe. Sherehe ikafanyika, utepe ukakatwa, picha mnayo. Ukaguzi haukufuata. Kila mwezi niliuliza, kila mwezi gari lilikuwa bovu au mafuta hayapo.

Masika ya kwanza yalipoanza, mvua ilikatika siku moja saa tano asubuhi, jua likatoka. Nyamizi, mke wa Maganga, mama wa watoto wawili, akatoka kuanika nguo. Waya wa kuanikia ulifungwa kwenye msumari wa paa upande mmoja na kwenye mlonge upande wa pili, kama ulivyofungwa karibu kila nyumba ya mkoa huu, ya meneja wetu ikiwemo. Alikuwa peku, ardhi imelowa, shuka mbichi mkononi. Mama yake mzazi, waliyekuwa wakiishi naye, alikuwa jikoni akipepeta mchele. Alisikia beseni la nguo likianguka, basi. Alipotoka alimkuta mwanawe amelala chini, mkono bado umeshika waya, akakimbia kumshika. Jirani mmoja alipata akili ya kukimbilia breka ya nyumba na kuizima. Isingekuwa yeye, tungezika wawili.

Taarifa ilinifikia siku ile ile. Kabla sijapanda baiskeli kwenda msibani, meneja akaniita. Sikumwona kuwa mtu mbaya, na mpaka leo simwoni hivyo. Alikuwa mwoga, na mwoga akipewa ofisi anaweza kufanya madhara kuliko mtu mbaya.

"Dada Anastazia, andika taarifa kwa wanachama," akasema. "Iwe fupi. Kichwa cha habari: Wanachama waache uzembe na umeme. Eleza hatari ya kuanika nguo kwenye nyaya za chuma. Taja tukio la Ilangale kama mfano."

"Mfano wa nini?"

"Wa uzembe."

"Meneja, wewe kwako mnaanika wapi nguo?"

Akapanga karatasi zake mezani.

"Paa lilipataje moto? Nani alipitisha waya kwenye bati?"

Akafunga mlango. Akaongea kwa sauti ya chini. "Tukisema ni sisi, watu watajitoa. Wakijitoa, mtambo utasimama. Zahanati itakosa umeme, shule itakosa umeme. Unataka hivyo? Marehemu hatarudi."

"Ni kweli hatarudi. Ndiyo maana hawezi kujitetea."

"Kwa hiyo huandiki?"

"Siandiki."

Nikaenda msibani. Nilikaa na wanawake jikoni siku tatu, nikasonga ugali, sikusema neno la ofisi kwa sababu halikuwa mahali pake. Jumapili nikiwa bado pale, taarifa ikasomwa kanisani baada ya misa. Ikasomwa kwa Wamoraviani. Ijumaa iliyofuata ikasomwa nje ya msikiti wa Goweko, na siku ya mnada ikasomwa kwa spika, spika yangu mimi. "Mwanachama mmoja wa Ilangale amepoteza maisha kwa uzembe wa kuanika nguo kwenye waya wa chuma." Mwishoni ikatajwa aliyeitoa: Idara ya Taarifa na Ushauri wa Wanachama.

Idara ilikuwa mimi. Walitumia jina la kazi yangu kumtukana marehemu, na watu walionikaribisha kwenye vigoda vyao miaka yote wakaamini kwamba ni mimi nimesema. Nimestaafu sasa, nimepewa keki na kanga, na bado mnada ule sijausamehe.

Nilirudi Ilangale kesho yake. Mama Nyamizi, mama mzazi wa marehemu, alikuwa ameketi mlangoni, kanga nyeusi imefungwa kichwani.

"Mwangaluka, mama," nikamsalimu.

Aliitikia kwa Kinyamwezi, kisha akahamia Kiswahili, kama mtu anayeanza shauri rasmi. "Ni wewe umeandika?"

"Si mimi, mama. Nilikataa."

"Lakini ni kazi yako imetajwa."

"Imetajwa."

Akatazama uani. Kuku walikuwa wakidonoa pale pale chini ya mlonge. Waya wa kuanikia ulikuwa umeshakatwa.

"Walikuja watu wa ushirika," akasema, "wakaniletea mchele, sukari na sanda. Nikapokea. Mimi sitaki kitu kingine cha mkononi. Watoto wa shule wanawaimbia wajukuu zangu, wanasema mama yenu mzembe. Mwanangu alikuwa anafua tangu ana miaka saba. Nataka wale waliosema mzembe waseme hakuwa mzembe. Waseme pale pale waliposemea."

Siku hiyo hiyo nilimpigia simu Mzee Shabani. Magoti yalikuwa yamemharibikia. Alikuja na lori la mkaa lililokuwa likirudi tupu, akashuka na mkongojo na testa mfukoni, ananuna vile vile.

Hatukuanzia ofisini. Tulianzia nyumba ya Maganga, tukazunguka kijiji, Mama Nyamizi akiwa katikati yetu. Kila nyumba Mzee Shabani aliita mwenye nyumba atoke nje, akamwambia, "Tazama paa lako, pale waya unapoingia. Unaona nini?"

"Waya, mzee."

"Umevaa kitu?"

"Haujavaa."

"Sasa tazama chini ya mita. Waya wa kijani umeishia wapi?"

Nyumba nyingine haukuwepo kabisa. Nyumba nyingine ulikuwa umechomekwa kwenye udongo kwa kidole, kama mtoto anayepanda mche wa kuchezea, ukivuta unatoka mkononi. Mwenye nyumba mmoja, mzee wa kanisa aliyekuwa ameisoma taarifa ile ya uzembe kwa sauti yake mwenyewe, aliushika waya huo, ukatoka, akabaki ameushika. Akamgeukia Mama Nyamizi, akavua kofia. Mama akatangulia nyumba inayofuata.

"Tufanyeje?" watu wakauliza.

"Zima," Mzee Shabani akasema. "Mpaka mtakapokaguliwa."

Wakazima. Hakuna aliyewalazimisha. Mwenye mashine ya kusaga alizima, kinyozi akazima, wenye friji za soda wakazima. Kufika alasiri, kijiji kile kilichokuwa kimewashwa kwa mkupuo mmoja kwa ajili ya mgeni, kikawa kimezimwa na wenyewe nyumba baada ya nyumba. Zahanati tu ndiyo iliyobaki, kwa kuwa hiyo Mzee Shabani aliikagua mwenyewe palepale akaitengeneza, akiwa amekaa kwenye kiti cha wagonjwa huku akimfokea fundi kijana aliyepanda juu.

Meneja alikuja na pikipiki, jasho linamtoka. Alidhani nguzo imeanguka.

Mkutano mkuu wa dharura ulifanyika kwenye ghala la tumbaku. Walikuja wanachama wa vijiji vyote, hata warina asali waliotoka porini na moshi wao bado kwenye nguo. Mwenyekiti aliongea kwa muda mrefu. Alisema tusinyoosheane vidole, tumshukuru Mungu, tujenge umoja. Alisema maneno "changamoto zilizojitokeza" mara nyingi kiasi kwamba mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti, "Changamoto ilikuwa na jina! Ilikuwa inaitwa Nyamizi!"

Ghala likalipuka kwa kelele. Nikaomba nafasi. Bodi ikasema wafanyakazi hawana sauti katika mkutano mkuu. Bibi Kashindye, yule wa mashine ya mikono, akainuka kwa kusuasua akasema yeye ni mwanachama, na anatoa nafasi yake ya kuzungumza kwa huyu binti. Nilikuwa na mvi kichwa kizima. Nikaeleza yaliyotokea: nani aliomba ukaguzi, alijibiwa nini, nani aliandika taarifa, nani alikataa. Sikupamba.

Wanachama waliamua mambo mawili. Ilangale isiwashwe mpaka kila paa limevalishwa bomba na kila nyumba ina chuma chake ardhini, na mashimo watachimba wenyewe. Na taarifa ifutwe, isomwe nyingine, mahali pale pale.

Sasa niwaambie yasiyopendeza, maana najua mnasubiri kusikia kwamba haki ilitendeka. Mkandarasi hakupatikana. Maganga alifungua shauri, likaahirishwa, likaahirishwa, akachoka. Nilisikia mkandarasi yule anatandaza nyaya wilaya nyingine. Mwenyekiti alimaliza kipindi chake, akaagwa kwa hotuba. Meneja alihamia kazi nyingine, na kabla ya kuondoka alikuja kuniomba radhi. Nikamwambia aende Ilangale kuiomba. Sijui kama alienda. Mzee Shabani hakurudishwa kazini. Alifariki nyumbani kwake mjini, na ushirika haukupeleka hata gari la kusindikiza jeneza. Tulikodi wenyewe. Haya yote bado yananiuma, na sitaki mnipoze.

Ndiyo maana nawaambia ninyi mnaobaki na spika mpya na kurasa za mtandaoni: kila taarifa mtakayoambiwa muitoe, ulizeni kwanza nani atakayeibeba aibu yake. Mkiona anayeibeba hayupo kujibu, wekeni kalamu chini. Watawatisha kwamba ushirika utakufa. Wetu haukufa. Waliojitoa ni wachache, na wengi wao walirudi.

Taarifa ya pili niliiandika mimi, usiku mmoja nikaifuta mara nyingi, ikabaki mistari michache. Niliisoma kanisani, nikaisoma kwa Wamoraviani, nikaisoma nje ya msikiti kwa ruhusa ya imamu, na mwisho nikaisoma kwenye mnada, katikati ya mbuzi na mitumba. Mama Nyamizi alikuja kila mahali, kwa miguu, na wajukuu wake wawili. Pale mnadani alisimama mbele kabisa, karibu aiguse spika.

Nikasoma: "Nyamizi, mke wa Maganga wa Ilangale, hakufa kwa uzembe wake. Alikuwa anaanika nguo kama watu wote. Nyumba yake ilifungwa umeme vibaya na ushirika wetu uliiwasha bila kuikagua. Ushirika ulimsingizia. Ushirika unaomba radhi kwake, kwa mama yake, kwa mume wake na kwa watoto wake."

Niliishusha spika begani nikitaka kuizima. Mama Nyamizi akanishika mkono.

"Soma tena," akasema. "Kule nyuma kuna watoto wa shule."

Nikaipandisha spika begani, nikageukia nyuma, nikasoma tena.